Besi imepotelea sikioni au kwenye amplifaya? Kuzielewa hedifoni za plana za juu ya sikio

Arusha, mtu akilalamika kwamba hedifoni zake mpya hazina besi, jibu la kwanza huwa ni moja: tafuta amplifaya. Utalisikia kwa mafundi wa barabara ya Sokoine, kwa vijana wanaopika biti vyumbani mwao Kaloleni na Sakina, na ukifika Moshi utalikuta kwa wahariri wa video za harusi. Kwa aina fulani za hedifoni jibu hilo lina ukweli wake, na huko mbele nitaeleza ulikotoka. Kwa hedifoni za plana (zenye kiwambo bapa badala ya koni) zinazokaa juu ya sikio ni ushauri wa kumtoa mtu pesa bure. Besi ya hedifoni hizo ikipotea, mara nyingi imepotelea kati ya mto wa kikombe na sikio, na hapo amplifaya haina mkono wa kufika.

Kinachowachanganya watu ni kwamba hedifoni hizi zina maswali mawili yanayoulizwa kwa pamoja: zinakaaje kichwani, na zinakula umeme kiasi gani. Ukiyatenganisha, mambo yananyooka.

Ndani ya kikombe

Hedifoni za kawaida ni spika ndogo. Koili ya waya imegundishwa kwenye koni, koili hiyo imezungukwa na sumaku, mkondo wa umeme ukipita koili inasogea na koni inafuata. Plana hazina koni. Zina kiwambo bapa cha plastiki nyembamba mno, kilichochapwa mistari ya metali karibu uso wote, na kiwambo hicho kimewambwa mbele ya safu za sumaku. Mara nyingi safu ni mbili, moja kila upande. Mkondo ukipita kwenye mistari, uga wa sumaku unakisukuma kiwambo kizima kwa pamoja.

Wazo lenyewe ni la zamani. Yamaha walitoa HP-1 mwaka 1976, na Fostex, nao wa Japani, wameshikilia T50RP kwa miaka mingi hadi zikawa za kawaida studioni. Walioipa teknolojia hii uhai mpya ni makampuni kama HiFiMan na Audeze, hii ya pili ikianzishwa California mwaka 2008. Bidhaa zao nyingi ni kubwa, za kufunika sikio lote. Za kukaa juu ya sikio ni chache, na katika zama hizi zilizotajwa zaidi ni Audeze Sine za mwaka 2016, zenye impidansi (ukinzani kwa mkondo wa sauti) ya omu 20 na uzito wa takriban gramu 230 bila waya.

Ujenzi huo unaleta mambo mawili, na mengine yote yanatokana nayo. La kwanza, sumaku ni nyingi, kwa hiyo uzito unapanda. La pili, mistari ya metali iliyotandazwa bapa ina tabia ya kinzani tupu: iwe ni besi ya hezi 40 au mlio wa matoazi wa hezi 8,000, amplifaya inakutana na omu zilezile.

Uzito, mbano na gegedu

Nianze na kichwa, maana ndipo penye mambo mengi na ndipo wanunuzi wanapopita haraka.

Sennheiser HD 25, ambazo ma-DJ wengi wanazijua na ambazo nazo hukaa juu ya sikio, zina gramu 140. Sine zinazidi kwa gramu 90. Gramu hizo lazima zishikwe na kitu. Hedifoni za kufunika sikio huegemea kwenye mfupa unaozunguka sikio, na mzigo unagawanyika kwenye eneo pana. Za juu ya sikio zinaegemea kwenye sikio lenyewe. Nguvu ileile ikikandamiza eneo dogo, shinikizo linakuwa kubwa, na sikio la nje ni gegedu na ngozi tu. Halina nyama ya kupokea mzigo. Basi mtengenezaji amekwama: akibana kidogo, hedifoni zitamtoka mtu akiinama kufunga kamba za viatu; akibana sana, sikio litaanza kuuma kabla filamu haijafika katikati.

Maumivu hayafanani, na mahali yanapouma panakuambia pa kurekebisha. Utosi ukiuma, upinde umebeba uzito peke yake: refusha mikono ya upinde kidogo ili vikombe vishuke na kubeba sehemu yao. Ukingo wa juu wa sikio ukiuma, vikombe vimepanda mno, au mito imekuwa migumu na inataka kubadilishwa. Ukiumia nyuma ya sikio, pale linapokutana na kichwa, tazama miwani kwanza. Mkono wa miwani umelazwa kati ya sikio na fuvu, na hedifoni inalikandamiza sikio juu yake. Miwani yenye mikono myembamba ya chuma inapunguza tatizo. Ile mipana ya plastiki inalikuza. Hereni za vishikizo ni vivyo hivyo kwenye ndewe. Zivue, hakuna ujanja mwingine.

Hedifoni zikibana kupita kiasi, watu huzivalisha kwenye rundo la vitabu lenye upana unaozidi kichwa kidogo na kuziacha usiku kucha. Kwa upinde wa chuma njia hiyo inafanya kazi taratibu. Kwa upinde wa plastiki utaamka asubuhi uwe na vipande viwili. Na usizidishe, kwa sababu mbano huo unaouchukia ndio unaokupa besi.

Hewa inapovuja

Katika hedifoni zilizofungwa upande wa nje, hewa iliyonaswa kati ya kiwambo na ngoma ya sikio ndiyo inayobeba besi. Kiwambo kikija mbele hewa inabanwa, kikirudi nyuma inalegea, na ngoma ya sikio inalihisi badiliko hilo. Plana zina uwezo mzuri wa kushuka chini kabisa, hadi karibu hezi 20, lakini kwa sharti moja tu: mto uzibe.

Ukiacha upenyo, hewa inaponyoka. Besi ndiyo inayoumia kwa sababu ni mtikisiko wa polepole, na muda wake unaitosha hewa kutafuta pa kutokea. Sauti za juu hazina shida hiyo. Mtikisiko wake unakwisha kabla hewa haijafika mlangoni. Ni sawa na pampu ya baiskeli ambayo kiwambo chake cha ndani kimechakaa: ukisukuma kwa kasi unapata upepo, ukisukuma polepole hupati kitu.

Sasa fikiria yanayokaa kati ya mto na sikio huku kwetu. Kuanzia Juni hadi Agosti Arusha ina baridi, na watu wanashinda na mzula kichwani hata ofisini. Hedifoni juu ya mzula wa sufu hazina besi, na sauti za juu nazo zinafifia kwa kuwa sufu inazimeza. Misuko minene inayoshuka karibu na sikio inaacha vijia vya hewa. Ukiirudisha yote nyuma kabla ya kuvaa, tofauti inasikika papo hapo. Hijabu inataka akili kidogo zaidi. Kitambaa chepesi kilichovutwa laini juu ya sikio kinavuja kwa kiasi cha kuvumilika, ila kikikunjamana chini ya mto besi inakwenda. Wanaoweza kuvitanguliza vikombe moja kwa moja kwenye sikio na kupitisha ushungi juu yake hupata sauti kamili na kushikwa vizuri zaidi, ingawa kwa hali ya hewa ya Moshi mwezi Februari siwezi kumlaumu anayekataa.

Joto hilo lina lake. Mito ya ngozi bandia huziba vizuri kuliko ya kitambaa, kwa hiyo ndiyo inayofaa kwa besi, na ndiyo pia inayotoa jasho. Jasho likikauka juu yake mara kwa mara ngozi inaanza kuchanika na kubanduka vipande, na kila ufa ni uvujaji mpya. Futa mito kwa kitambaa kikavu baada ya matumizi. Ikishakwisha, tafuta mito yenye ngozi ya aina ileile na unene uleule. Mto mnene zaidi unasogeza kiwambo mbali na sikio, mto wa kitambaa unavujisha, na kwa njia zote mbili umenunua hedifoni nyingine bila kukusudia.

Namna ya kujipima haina gharama. Cheza wimbo wenye besi ya chini inayodumu, hip hop ya nyumbani inatosha kabisa, kwa sauti ndogo. Weka vidole viwili kwenye kila kikombe na ukandamize kidogo kuelekea sikioni, polepole. Besi ikijaa ghafla, ulikuwa unavujisha, na kazi yako ni kupata mkao, upinde au mto utakaokupa hali hiyo bila vidole. Isipobadilika, basi hedifoni zimepangwa hivyo na mtengenezaji, na dawa yake ni ikwalaiza, yaani kirekebisha besi na sauti za juu kwenye simu au kompyuta.

Nimesema polepole kwa sababu. Kiwambo cha plana ni utando mwembamba uliovutwa, na kikombe kilichoziba vizuri kikigandamizwa kwa kishindo hewa inausukuma utando wote kwa mara moja. Wakati mwingine utasikia mkwaruzo kama wa karatasi ya pipi. Mara mojamoja haina neno, lakini mwenye kuzipachika na kuzibandua kwa nguvu kila siku anaweza kuukunja utando, na utando uliokunjika haunyooki tena. Zivae kwa kutanguliza ukingo mmoja wa mto, hewa itoke, halafu ulaze uliobaki.

Na usitarajie zikuzibie kelele za nje. Kwenye Coaster ya Arusha–Moshi, au ndani ya kifodi kinachopanda Ngaramtoni kwa gia ya pili, ngurumo ya injini inapita. Hapo mtu huongeza sauti ili aifunike, na huo ndio mwanzo wa kuumiza masikio.

Amplifaya inafanya nini hasa

Ule ukweli niliouahidi ni huu. Kila tundu la hedifoni lina ukinzani wake wa ndani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 kiliwahi kupendekeza omu 120, na risiva za zamani za nyumbani nyingi zilikuwa na kiasi cha namna hiyo au zaidi. Chukua hedifoni za kawaida, za koni, zenye omu 32 ambazo kwenye masafa fulani ya besi hupanda hadi 80. Kwenye tundu la omu 120, sehemu ile ya besi itapata kama desibeli 5.6 zaidi ya sauti nyingine. Ukizihamishia kwenye adapta ya kisasa ya simu yenye ukinzani chini ya omu 1, nyongeza hiyo inatoweka. Mtu amebadilisha amplifaya, besi imebadilika, na hajaota. Ndipo ushauri ulipozaliwa.

Plana hazina huko kupanda. Hedifoni za omu 20 kwenye tundu la omu 120 zinapata sehemu moja tu ya saba ya volti, yaani sauti inashuka kwa takriban desibeli 17, lakini inashuka kwa kila masafa kwa kiasi kilekile. Ukiongeza sauti, unapata rangi ileile. Kwa hiyo amplifaya mbili nzima, zisizozidiwa, zitatoa besi moja kwenye plana, hata kama moja ina taa za bluu na nyingine haina.

Kinachobaki kwa amplifaya ni wingi wa sauti: je, inafika bila kukwaruza? Hapo tazama namba mbili kwenye karatasi ya hedifoni, usikivu na impidansi. Usikivu unakuambia miliwati moja inatoa desibeli ngapi. Kila desibeli 10 juu ya hapo zinataka nguvu mara kumi.

Tuchukue kilele cha desibeli 110, kiwango ambacho muziki wenye vishindo unaweza kukigusa kwa nukta ya sekunde pale msikilizaji anayependa sauti kubwa anapojiachia. Oppo PM-3, plana ndogo za kufunika sikio, zilitajwa kuwa na omu 26 na desibeli 102 kwa miliwati moja: zinahitaji kama miliwati 6, yaani volti 0.4. Simu nyingi zenye tundu zinaweza. HiFiMan Sundara, omu 37 na desibeli 94, zinataka miliwati 40, volti 1.2 na miliampia 33 hivi. HiFiMan HE-6 za zamani, omu 50 na desibeli 83.5, zinataka miliwati karibu 450, volti 4.7 na miliampia 95. Zote tatu ni plana. Anayesema "plana zinataka amplifaya" amezisema HE-6 na kuwahukumu PM-3.

Za juu ya sikio huangukia zaidi upande wa wepesi, kwa sababu zimekusudiwa kutembea na simu. Lakini impidansi yake ni ndogo, na hapo kuna mtego. Amplifaya yenye kujisifia volti nyingi inaweza kuwa haina mkondo wa kutosha kwa omu 20. Zile za taa za kioo (vali) zisizo na transfoma ya kutolea sauti ndizo mfano mzuri: zinapendeza na hedifoni za omu 300, zikipewa omu 20 zinachoka haraka. Kwa hiyo unapoonyeshwa namba za wati dukani, uliza ni wati kwenye omu ngapi. Namba iliyopimwa kwenye omu 300 haikusaidii, na ikiandikwa wati bila omu, iache.

Mwenye simu isiyo na tundu anaanzia kwenye adapta ndogo ya Type-C. Ile ya Apple inayouzwa Marekani hutoa volti 1, na ya Ulaya nusu ya hapo, jambo ambalo wengi hugundua baada ya kuletewa na ndugu. Volti 1 kwenye Sundara ni kama desibeli 108, nusu volti ni 102. Kwa anayesikiliza chumbani Njiro usiku, zote mbili zinazidi mahitaji. Ila kwenye simu nyingi za Android adapta hiyo ya Apple huishia kwenye sauti ya chini, kwa hiyo mwenye Android atafute nyingine.

Tofauti ya dalili ni rahisi kuishika. Uvujaji unasikika kwenye sauti yoyote: hata ukisikiliza kwa kunong'ona, besi ni nyembamba. Amplifaya iliyozidiwa ni nzuri kwenye sauti ndogo na huharibika ukiipandisha. Ngoma kubwa zinaanza kukwaruza, waimbaji wanakuwa wakali. Kwenye plana, besi inayokosekana huku sauti ikiwa chini kwa kawaida si kosa la amplifaya.

Ikwalaiza ndiyo inayoyakutanisha maswali yale mawili. Plana hupokea nyongeza ya besi bila kulalamika, lakini desibeli 6 ni volti mara mbili na nguvu mara nne. Adapta iliyokuwa inatosha inaweza isitoshe tena, na hapo amplifaya ndogo ya mezani ina kazi halali ya kufanya. Kutumia ikwalaiza kuziba uvujaji wa mto, hata hivyo, ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kila unachoongeza kinatokea palepale.

Kuhusu kiasi cha kusikiliza, Shirika la Afya Duniani pamoja na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, waliweka mwaka 2018 kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima. Ukipanda hadi 83, saa zinabaki 20. Plana hazikwaruzi mapema, na hilo ni sifa na hatari kwa pamoja: mkwaruzo uliozoea kukuonya haupo.

Umeme wa ukutani, na sabufa

Amplifaya za mezani nyingi huletwa kwenye sanduku la mtu anayetoka nje. Soma maandishi ya adapta yake ya umeme kabla ya kuichomeka. Tanzania ni volti 230, hezi 50. Adapta iliyoandikwa 100–240V iko salama. Iliyoandikwa 120V 60Hz tu, kama zile za transfoma zinazotoka Marekani, itaungua, na inaweza kuondoka na amplifaya. Kununua adapta nyingine hapa ni sawa, lakini angalia kama amplifaya inataka umeme wa AC au DC, maana plagi zake hufanana. Umeme ukikatika ukiwa unasikiliza, chomoa hedifoni kabla haujarudi. Amplifaya zisizo na kinga hutoa mshindo zinapowaka, na mshindo huo unapitia kwenye mistari myembamba ya kiwambo chako.

Kuna ubunifu mmoja wa mafundi unaohitaji tahadhari zaidi ya yote: kuchukua waya za spika za sabufa au redio ya gari na kuzifunga kwenye jeki ya hedifoni ili "zipate nguvu". Jeki ya 3.5 mm ina nyaya tatu, na hasi za kushoto na kulia zimeunganishwa pamoja. Amplifaya nyingi za gari na sabufa za kisasa hazina hasi iliyolala kwenye ardhi. Pande zote mbili za spika zinabeba sauti. Ukiunganisha hasi hizo umepiga shoti njia mbili za kutolea sauti, na moshi utatoka kwenye amplifaya kabla ya hedifoni. Mwenye HE-6 anaweza kuwa na sababu ya kutumia tundu za spika, na hata yeye anahitaji hedifoni zenye nyaya nne kamili, mbili kwa kila kikombe hadi mwisho, na kitufe cha sauti kianzie sifuri. Mwenye hedifoni za omu 20 zinazokaa juu ya sikio hana sababu yoyote.